Wingu Gani Litatunza Ng'ombe

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Ziwa limeingia depo! Sitii chumvi. Nimekuta maji yananifika kwenye vifundo vya miguu na maboksi ya dawa ya kupe yanaelea. Kompyuta ya ofisi ilikuwa chini, chini kabisa, pale ambapo nimepiga kelele mwaka mzima isiwekwe. Gisubizo, fundi wetu wa mifugo, aliwahi kuliko sisi wote, akaibeba kichwani mpaka kwa jirani. Nilipofika alikuwa anaipangusa kwa shati lake. Imewaka, lakini inakoroma.

Papa Thaddée, bosi wetu, kafika, kaangalia maji, kaangalia kompyuta, akasema basi, inatosha, baze yetu ihamie kwenye wingu. Kuna kampuni tatu zinazotunza baze za watu. Mimi nizilinganishe, nichague moja, ripoti iwe mezani kabla mwezi haujaisha.

Wingu! Hapa Uvira mawingu tunayajua. Yanashuka toka milimani usiku, asubuhi unatafuta mtaa huuoni. Humo ndimo niweke kazi yetu.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Sisi ni depo ya dawa za mifugo. Katika baze (Watanzania wanasema kanzidata, sisi tunasema baze) kuna jina la kila mfugaji, simu yake, chanjo anayongojea, na mahali anapolisha: kilima kipi, mto upi. Wa Runingu, wa Lemera, wa kule juu kabisa kwenye miinuko. Mwizi wa ng'ombe akiipata hana haja ya kupeleleza tena. Anafungua, anasoma, anakwenda. Na watu wanaokufa kwa ajili ya ng'ombe hapa kwetu hawasomwi kwenye redio.

Wafugaji walikubali kuandikwa kwa sababu ya Gisubizo, mtoto wa huko juu, na wa huko juu watu wa mjini huwaita wageni wa ng'ambo. Yeye ndiye aliyepewa yale majina. Mimi nisingepewa hata moja, nalijua hilo.

Basi nitachunguza. Marehemu mama alizoea kusema, Ernestine anaweza kuyashika maji aone kama kweli yamelowa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Majina yao ni marefu, nimewabatiza upya: Mkubwa, Mfaransa, Mrembo.

Wote watatu wanaimba wimbo mmoja. Wao ndio watakesha, watatengeneza, watafanya nakala, watafunga milango. Sisi tutumie tu. Yaani unamkabidhi mchungaji wa kulipwa ng'ombe zako, unarudi kulala. Maswali yangu ni yale ya kila mfugaji. Huyo mchungaji ni nani? Zizi lake liko nchi gani? Na siku nikizitaka ng'ombe zangu, atanirudishia zote au atanirudishia maneno?

Mkubwa ana nguvu, hakuna ubishi, ila vitufe vyake ni vingi kuliko vya ndege. Zizi la karibu liko Afrika Kusini. Mfaransa anaweka kila kitu kwake Ulaya, ila ukiandika anakujibu mtu, si mashine. Mrembo ana picha za vijana wanaocheka mbele ya kompyuta, na mwanzo ni bure. Sijapata kuona cha bure kisicho na mwenyewe. Nikatafuta ukurasa wa kutoka, jinsi ya kuchukua baze yako na kwenda zako. Nimetafuta kutwa. Kuingia mlango mpana, kutoka tundu la panya.

Mchana Jeancy kapiga toka Bukavu. Rafiki wa Papa Thaddée, anajiita konsilta, mshauri wa mambo ya kompyuta. "Mama Ernestine, ile kampuni ya bure iko muzuri sana, usijichokeshe na ingine." Nikamuuliza: ukiwaletea mteja, wanakupa kitu? Papo hapo mtandao ukakatika. Mtandao wa Bukavu una akili, unajua saa ya kukatika.

Ijumaa, 12 Aprili

Majaribio yameanza. Nimepakia nakala kwa wote watatu. Akaunti moja, inaitwa «bureau», yaani ofisi, neno la siri moja, tunalijua watatu: Papa Thaddée, mimi, Gisubizo. Nikasema kila mtu awe na ufunguo wake, hata Mkubwa anashauri hivyo. Papa Thaddée kacheka. Si tuko familia moja? Nikaacha.

Lakini wakati wa kupakia nimeona jambo. Safu ya idadi ya ng'ombe. Mfugaji wa kwanza: 1. Wa pili: 1. Mzee Nkusi, ambaye ng'ombe zake zikipita barabara inafungwa: 1!

Nimemwita Gisubizo. Kacheka mpaka kashika ukuta.

"Dada, ng'ombe habahesabiwe. Ukiuliza muzee iko na ngapi, anakuitika: niko nabo. Sasa hii baze inakataa 'niko nabo', inataka chiffre, namba tu. Njo nikaweka moja."

"Na chanjo? Unajuaje ya kupeleka?"

"Minye najua."

Yeye anajua! Minye najua. Kumbe hesabu ya kweli iko kichwani mwake, na sisi wenye depo tuna moja, moja, moja. Nimeandika tu pembeni ya ripoti, halafu nikafuta.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada nimepita depo, maji yameshuka kidogo. Nimefanya jaribio langu la kishetani: nimefuta jedwali lote la chanjo kwa wote watatu, makusudi, kisha nikawaambia rudisheni.

Mkubwa karudisha, lakini niliitafuta hiyo njia mpaka jasho. Mrembo kaniambia kurudisha ni kwa wanaolipa. Ha! Mfaransa kajibu, mtu mwenye jina, Jumapili, kauliza irudi ilivyokuwa saa ngapi, na ikarudi. Ilivyokuwa.

Na kuna kitu kingine kwa Mfaransa nimekipenda kuliko vyote. Ana jarida la walinzi. Kila anayeingia anaandikwa: akaunti gani, siku gani, toka mji gani, kafungua nini. Linachelewa saa kadhaa kuandika, lakini linaandika. Na halifutiki. Nikauliza, hata mwenye baze hawezi? Hapana. Hata ninyi? Hata sisi, madamu. Nikauliza tena kwa maneno mengine, jibu lile lile. Huyo ndiye wangu!

Nimeliangalia. «bureau, Kinshasa». «bureau, Kinshasa». «bureau, Kinshasa». Hakuna kati yetu aliye Kinshasa, ila mtandao wetu hupitia huko kwanza kabla ya kutoka nchini. Kila mtu anajua. Sawa.

Nyumbani, mtaa wa Nyamianda, mtandao unakufa kila jioni tangu mafuriko. Mdogo wangu Déborah amechoka na manung'uniko yangu, kaniwekea line ya pili kwenye simu, ameipata Kavimvira, pale mpakani. Kaipanga mwenyewe, moja ikifa nyingine inashika. Kwa mara ya kwanza mtoto yule kafanya kitu bila kuambiwa.

Jumanne, 16 Aprili

«bureau, Bujumbura». Jana jioni.

Nimesoma mara nyingi. Bujumbura! Ng'ambo ya maji. Neno la siri ni letu, sahihi, si la kubahatisha. Mtu yuko Buja anafungua baze yetu.

Sijamwambia mtu. Nimemimina chai, ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Nimemwangalia Gisubizo akipanga chupa kwenye jokofu. Anaimba. Nikamuuliza, kama utani, una ndugu Buja? Akasema ako na shangazi, nani hana ndugu Buja?

Kweli, nani hana. Mimi mwenyewe ninaye. Lakini sikuipenda haraka aliyojibu nayo.

Alhamisi, 18 Aprili

Naingia kila jioni kuvizia. Sasa hivi nalala na hili jambo na kuamka nalo. Nikifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, nachukua simu, nafungua jarida. Na yeye yupo! Kila jioni nikiangalia nakuta aliingia jioni iliyotangulia. Jana niliangalia mara nyingi zaidi, maana usingizi ulikataa, na leo ofisini nakuta naye aliingia mara nyingi zaidi. Anajua kwamba namwinda. Anacheza na mimi.

Tena anaingia anafanya nini? Hachukui kitu. Anafungua jarida, anaangalia, anatoka. Mwizi gani huyo? Anaangalia kama ameonekana, ndiyo hivyo. Ana wasiwasi. Mtu asiye na kosa hana wasiwasi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwambia Papa Thaddée. Nimemwonyesha. Akavua miwani, akavaa.

"Buja," kasema. "Na kule juu njo anatoka nani?"

Nikasema sijui, tusiharakishe. Akasema weye unajua, sema tu. Nikamwambia na ile habari ya ng'ombe moja moja. Kwa nini niliisema? Ilitoka yenyewe. Papa Thaddée kapiga meza: si unaona! Ameficha hesabu kwetu, ju apeleke yenye kweli kule. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Sikusema jina la Gisubizo. Lakini sikusema pia kwamba si yeye. Nimekaa na hilo toka mchana.

Jumamosi, 20 Aprili

Gisubizo kaenda Runingu kuchanja, atakaa huko siku kadhaa. Alipoondoka na moto wake, ile pikipiki, nikabadilisha neno la siri. Sasa tunalijua wawili tu, mimi na Papa Thaddée.

Mchana kapiga. Baze inamkataa, anataka kujua kundi gani lilichanjwa mwaka jana.

"Dada, iko inaniambia neno ni mubaya."

Nikamwambia Mfaransa anatengeneza, asubiri. Nikamsomea mwenyewe kwa simu. Kashukuru. Kauliza maji yamepungua kwetu? Watoto wa jirani wako salama? Nimejibu kwa mkato kama karani wa duane pale forodhani.

Nimemdanganya mtu na akanishukuru. Naona aibu. Lakini aibu si ushahidi.

Jumapili, 21 Aprili

«bureau, Bujumbura».

Jana jioni. Na neno jipya! Neno ambalo Gisubizo hana!

Basi nani? Nimekosa ibada, nimesema naumwa kichwa. Papa Thaddée? Anajidai hajui kushika hata panya ya kompyuta, lakini nani alimthibitisha? Au amempa Jeancy neno jipya? Lakini Jeancy si yuko Bukavu? Au Mfaransa mwenyewe ndiye anayeingia, na hilo jarida lake ni la kutupumbaza? Mlinzi anayejisifu sana mchunguze mfuko.

Nimempigia Papa Thaddée, nikamwambia mtu bado anaingia, na Gisubizo hana neno jipya, kwa hiyo... Akanikatiza. Huyo iko na dawa yake ya kufungulia, hawa bantu wa kule juu ni wenye akili. Nikasema Papa, hakuna dawa ya kufungulia. Akasema isipokuwepo, Bujumbura inatoka wapi?

Nikakata simu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaiandika polepole.

Asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kuna sauti ya mtu, simjui, inasema kuko muntu mu depo ya dawa ya ng'ombe, anatuma ng'ambo mahali yote penye ng'ombe iko. Hakutaja jina. Hakuna haja. Depo ya dawa ya ng'ombe ina mtu mmoja wa kule juu. Nimemkimbilia Papa Thaddée. Amesema aliwaambia tu wawili watatu, watu wazima, ili wafungue macho.

Jioni nyumbani, Déborah kachukua simu yangu kuangalia kama mvua itanyesha, ana nguo kambani. Kacheka.

"Simu yako inasema Bujumbura mvua. Weye unaishi Buja?"

Nikamwambia simu zote za Uvira ndivyo zilivyo, hali ya hewa yetu ni ya Buja siku zote. Akasema hapana, ile yake inaandika Kinshasa jua kali. Yako, kasema, ni ju ya ile line. Line gani? Ile nilikuwekea! Ya Burundi. Njo inashika muzuri huku.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa kutoka miguuni kuja juu.

Nimezima line ya pili. Nikangoja ya kwetu mpaka ikaja, nikaingia kwenye baze. Nikawasha ya pili, nikazima ya kwetu, nikaingia tena. Nikakaa kitandani saa kadhaa kusubiri jarida. Déborah anauliza nakula au sili.

«bureau, Kinshasa».

«bureau, Bujumbura».

Ni mimi. Kila mara nilipoingia kuangalia nani ameingia, niliyeingia ni mimi. Kadiri nilivyomvizia ndivyo alivyokuja. Alikuwa anafungua jarida tu na kutoka kwa sababu ndicho nilichokuwa nafanya, mimi Ernestine, na simu yangu kwenye pindo la kitenge. Kikulacho!

Na lile la Kinshasa, siku zote hizi, ni mbali kiasi gani toka hapa? Hata kwa ndege ni safari ya kutwa. Nikasema kila mtu anajua, sawa. Buja naziona taa zake toka mlangoni, na kwa hiyo nikaona mwizi. Sikumwona kwenye jarida. Nilikuwa naye tayari kichwani, namngojea tu apate mji.

Nimelia. Déborah kafikiri ni msiba.

Jumanne, 23 Aprili

Nilikuwa mlangoni kwa Papa Thaddée kabla hajanawa uso. Nimemweleza, nimemwonyesha kwa simu, nimerudia. Nikasema tuma sauti kwenye kundi, sema ni kosa, sema ni Ernestine na line yake.

Kachota maji, kanawa uso. Halafu:

"Mama, ukisema ni weye, watasema ni weye. Hawatasema ni line."

Nikasema basi waseme. Akasema na depo? Wafugaji wakisikia, nani atanunua? Afadhali hiyo Bujumbura ifutwe humo, halafu tunyamaze, maneno ya watu yatapoa. Weye njo fundi, futa.

Haifutiki, Papa. Ndiyo sababu nilimchagua. Nimeandika hivyo kwenye ripoti yako kwa wino mwekundu: hata mwenyewe hawezi.

Akaniangalia kama nimempangishia nyoka chumba.

Nimetuma sauti mwenyewe kwenye kundi. Nimetaja jina langu, nimesema line, nimesema Gisubizo hana kosa. Sijui kama imekwenda. Kile kialama cha saa hakiondoki. Mitandao ya Kongo yote miwili imelala tangu saa nne, mtaa mzima watu wananyanyua simu juu kama wanaoshukuru Mungu.

Baadaye.

Ilirudi kidogo, ikaleta ujumbe wa Gisubizo, ikakufa tena kabla sauti yangu haijakwenda. Ametoka Runingu. Naunakili hapa, sijui kwa nini, mikono inataka kazi:

Dada niko ku bariyeri. Vijana balinisimamisha bananiuliza mambo ya baze na ya Buja. Minye sielewe. Bashikilia moto. Bako banaangalia simu za bantu. Nipigie uwaelezee weye bakusikie.

Nipigie.

Déborah kakimbia kutafuta moto wa kunipeleka. Toka hapa mpaka bariyeri, hicho kizuizi cha vijana barabarani, ni mbali, na barabara ina maji. Papa Thaddée hashiki, naye yuko kwenye mtandao huo huo uliokufa. Jirani pia, mtandao ni huo huo. Nimeuliza mpaka kwa muuza mkaa.

Simu yangu mimi inafanya kazi. Line ya kwetu ni kijivu, haina hata chembe. Ya pili, ile ya Burundi, nimeiwasha: imejaa, haijawahi kushika vizuri hivi, ila kifurushi chake cha intaneti kilikwisha jana, limebaki salio la kupiga tu. Nikipiga sasa hivi atapokea, na vijana watanisikia, na nitawaeleza vizuri, neno kwa neno, naweza. Lakini kabla hawajanisikia watakuwa wameangalia kioo. Simu yake itaita mikononi mwao na itaandika namba ya Burundi.

Nisipopiga, atasema nilimwambia dada yangu anipigie, na hakuna aliyepiga.

Déborah hajarudi. Nimebonyeza jina la Gisubizo. Simu inaniuliza nipige kwa line gani.